Upepo ni wa nani? Kutoka kinu cha kijiji cha Pitstone hadi visiagi vya Gikomba

WAKAZI wa Majengo, Pumwani na mitaa jirani wanaopeleka mahindi yao katika visiagi vya Gikomba, jijini Nairobi, hulipia mambo mawili kwa pamoja: kazi ya mashine na stima inayoizungusha mashine hiyo.

Ni wachache wanaotambua kwamba sehemu ya stima hiyo hutokana na upepo unaovuma zaidi ya kilomita 400 kutoka hapo, katika nyika ya Marsabit, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Turkana.

Kwa maneno mengine, kazi ya kale ya kusaga nafaka kwa nguvu za upepo, ambayo wengi huihusisha na vijiji vya Ulaya, imefika Gikomba kwa njia ya waya. Pamoja nayo limefika swali ambalo lilizusha ugomvi nchini Uingereza zaidi ya miaka 800 iliyopita: je, upepo una mwenyewe?

Ili kulielewa swali hilo, inafaa kwanza kukitazama kinu chenyewe, kwa kuwa Waafrika Mashariki wengi wamekiona katika picha tu.

KINU CHA KIJIJI

Pitstone ni kijiji katika jimbo la Buckinghamshire, kaskazini magharibi mwa jiji la London, chini ya vilima vya Chiltern. Katikati ya shamba, kwenye mpaka wa kijiji hicho na jirani yake Ivinghoe, kimesimama kinu cha mbao chenye mabawa manne.

Kwenye ubao mmoja wa kinu hicho umechongwa mwaka 1627. Hiyo ni miaka 34 baada ya Wareno kuanza kujenga Fort Jesus mjini Mombasa. Kinu cha Pitstone ni miongoni mwa vinu vikongwe zaidi vya upepo vilivyosalia nchini Uingereza.

Umbo lake ni la kibanda kirefu kilichowekwa juu ya nguzo moja nene. Kibanda chote, pamoja na mawe, magurudumu na magunia yaliyomo, huweza kuzungushwa juu ya nguzo hiyo kama kofia juu ya kichwa.

Sababu ni kwamba upepo haukai upande mmoja. Unapogeuka, msagaji hulazimika kukigeuza kinu ili mabawa yaukabili. Kwa kazi hiyo hutumia boriti ndefu iliyochomoza nyuma ya kibanda, ambayo huisukuma kwa bega hadi mabawa yaelekee panapofaa.

Mabawa yanapozunguka huuzungusha mhimili mkubwa, nao mhimili huendesha magurudumu ya mbao yenye meno. Meno hayo huongeza kasi na kuifikisha kwenye mawe mawili mazito. Jiwe la chini halisogei. La juu huzunguka, na nafaka humiminwa kupitia tundu lililo katikati yake.

Punje husagwa kadiri zinavyosukumwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha unga huanguka ndani ya gunia ghorofa ya chini. Msagaji hodari aliupima unga huo kwa kidole gumba, akajua kama mawe yamekaribiana mno au yameachana.

Kinu cha Pitstone kilisaga nafaka ya wanakijiji kwa karne kadhaa. Mwaka 1902 dhoruba kali ilikiharibu kiasi kwamba gharama ya kukitengeneza ilimshinda mwenyewe, na kikaachwa.

UGOMVI WA MWAKA 1191

Vinu vya upepo havikuanzia Ulaya. Karne nyingi kabla ya Pitstone, watu wa Sistan, eneo lililo kwenye mpaka wa Iran na Afghanistan za leo, walikuwa wakisaga nafaka kwa upepo. Mabawa ya vinu vyao yalizunguka kwa ulalo, kama pia.

Vinu vyenye mabawa ya kusimama vilianza kuonekana kaskazini mwa Ulaya katika miaka ya 1180. Haikupita muda mrefu kabla ya watu kuanza kugombania faida yake.

Mwaka 1191, katika mji wa Bury St Edmunds mashariki mwa Uingereza, padri mmoja aliyeitwa Herbert alijenga kinu cha upepo katika shamba lake. Habari zake ziliandikwa na mtawa Jocelin wa Brakelond, aliyeishi katika monasteri ya mji huo.

Samson, abate wa monasteri hiyo na bwana wa ardhi yote ya hapo, alipopata habari alighadhibika, akaamuru maseremala waende wakakibomoe kinu hicho papo hapo.

Herbert alifika mbele yake kujitetea. Hoja yake ilikuwa nyepesi: upepo haukuumbwa na mtu, hivyo hakuna anayepaswa kunyimwa manufaa yake. Akaongeza kwamba alikusudia kusaga nafaka yake mwenyewe tu.

Abate hakushawishika. Hofu yake haikuwa juu ya upepo, bali juu ya wateja. Alijua kwamba wenyeji wa mji wangekimbilia kinu kipya, naye asingeweza kuwaadhibu kisheria kwa sababu walikuwa watu huru. Vinu vya monasteri vingekosa kazi, na mapato yangepungua.

Herbert alirudi nyumbani akakibomoa kinu chake kwa mikono ya watu wake. Maseremala wa abate walipofika, hawakukuta kitu cha kubomoa.

Kisa hicho kinaeleza jambo lililokuwa la kawaida zama zile. Katika sehemu nyingi za Uingereza, wakulima waliokuwa chini ya kabaila walilazimika kupeleka nafaka katika kinu chake na si kwingineko. Malipo yalikuwa sehemu ya nafaka yenyewe, mara nyingi kipimo kimoja katika kila vipimo 16 au karibu na hapo.

Aliyetaka kukwepa malipo hayo alisaga nyumbani kwa mawe ya mkono. Katika mji wa St Albans, abate Richard wa Wallingford aliyatwaa mawe hayo katika karne ya 14 na kuyatumia kutandaza sakafu ya monasteri, ili kila aingiaye akumbuke nani mwenye haki ya kusaga.

Wananchi hawakusahau. Walipoasi mwaka 1381, waliingia wakaing'oa sakafu hiyo, wakayavunja mawe na kugawana vipande vyake.

POSHO NA KIBALI

Msomaji anayedhani kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wa kale atafakari historia ya unga wa Nairobi.

Gikomba imepakana na Pumwani, mtaa ambao serikali ya kikoloni iliutengea Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Wengi wa wafanyakazi wa zama hizo walipewa sehemu ya ujira wao kwa njia ya unga wa mahindi. Mgao huo ndio ulioitwa posho, na hadi leo Wakenya huziita mashine za kusaga kwa jina hilo.

Katika wilaya za Mkoa wa Kati, Waafrika walianza kujenga vinu vyao vilivyozungushwa na maji ya mito katika kipindi cha kati ya vita vikuu viwili. Walitambua mapema kwamba mwenye kinu hupata faida katika kila gunia bila kulima.

Hata hivyo, mwaka 1942, Vita Vikuu vya Pili vikiendelea, serikali ilianzisha udhibiti wa mahindi. Tangu hapo, kwa takriban nusu karne, biashara ya mahindi ilipitia mikononi mwa bodi za serikali, na aliyetaka kuyasafirisha kutoka wilaya moja hadi nyingine alihitaji kibali.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, utaratibu huo haukuondolewa. Bodi iliviuzia mahindi viwanda vikubwa, navyo vikasaga unga mweupe uliokobolewa na kuufunga katika pakiti. Mwenye kisiagi mtaani alibaki na shida ya kupata nafaka. Hakuna aliyekibomoa kinu chake, lakini mahindi ya kusaga yalikuwa na mwenyewe.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa mwaka 1993, serikali ilipofungua soko la mahindi na kuondoa ruzuku ya unga uliokobolewa. Bei ya pakiti ilipanda. Wakati huo huo, mahindi yakaanza kuingia Nairobi bila kibali, na familia za mapato ya chini zikahamia unga wa kisiagi kwa wingi.

Mteja anayenunua gorogoro ya mahindi na kuisagisha halipii pakiti, nembo wala matangazo. Asipokoboa, unga wake hubaki na pumba na kiini, sehemu zenye virutubisho vingi. Kasoro yake ni kwamba kiini kina mafuta, hivyo unga huo hauwezi kuhifadhiwa muda mrefu kabla ya kuvunda.

Mashine yenyewe haina mawe. Ndani yake mna nyundo ndogo za chuma zinazoning'inia kwenye mhimili. Mota ya umeme huuzungusha mhimili huo kwa kasi kubwa mno, na nyundo huzipondaponda punje hadi ziwe laini kiasi cha kupenya kwenye tundu za chujio.

Chujio likitoboka huzibwa na nyundo zikichakaa hubadilishwa, na mafundi wa jua kali wa Gikomba na Kamukunji wanaoweza kazi hiyo hawako mbali. Kile wasichoweza kukifua kwa nyundo na tindo ni umeme. Stima ikipotea, foleni husimama. Bei yake ikipanda, mwenye kisiagi hana budi kuongeza ada ya kusaga au kukubali faida ipungue.

Aidha, serikali ilipotoa ruzuku kupunguza makali ya bei mwaka 2017, pakiti ya kilo mbili ikauzwa kwa Sh90, na ilipofanya hivyo tena mwaka 2022 kwa Sh100, mipango yote miwili ilipitia kwa wasagaji wanaofunga unga katika pakiti. Mteja wa kisiagi, ambaye kwa kawaida ndiye maskini zaidi, aliendelea kununua mahindi kwa bei ya soko.

UPEPO WA SARIMA

Umeme wa upepo si mgeni nchini Kenya. Mitambo ya kwanza ilisimamishwa katika vilima vya Ngong mwaka 1993 kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji. Kabla ya hapo, karakana moja mjini Thika ilikuwa tayari imeanza kuunda vinu vya upepo vya kuvuta maji visimani, vilivyopewa jina la Kijito.

Lakini hakuna mradi uliofikia ukubwa wa ule wa Ziwa Turkana. Mradi huo una mitambo 365, kila mmoja ukiwa na uwezo wa kilowati 850, ambayo kwa jumla hufikisha megawati 310. Mabawa ya kila mtambo huchora duara lenye upana wa mita 52.

Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. Upepo unaovuma kutoka mashariki hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, kisha hupenya kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru kama maji yanayopita kwenye shingo ya chupa. Wastani wa kasi yake ni karibu mita 11 kwa sekunde.

Kasi hiyo ina uzito wa pekee. Upepo unapoongeza kasi mara mbili, nguvu inayoweza kuvunwa kutoka kwake huongezeka mara nane. Ndiyo maana mwekezaji yuko tayari kwenda mbali na kujenga barabara mahali pasipo na mji.

Kijiji cha wafugaji cha Sarima kilikuwa katika njia ya ujenzi, na wakazi wake wakahamishwa kupisha kazi. Eneo hilo hutumiwa na jamii za Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo, ambao kwao ardhi haijawahi kuwa na ua.

Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya kupeleka umeme Suswa, yenye urefu wa kilomita 428, ilichelewa hadi Septemba 2018. Kwa kuwa mkataba uliitaka serikali kulipia umeme ambao ungezalishwa, ucheleweshaji huo uligharimu mabilioni ya shilingi. Rais Uhuru Kenyatta aliuzindua mradi rasmi Julai 2019.

Laini hiyo hupita juu ya maboma kadhaa ikielekea kusini. Umeme wake una nguvu kubwa kiasi kwamba hauwezi kuingizwa nyumbani bila kituo maalumu cha kuupunguza, na vituo vya namna hiyo hujengwa penye wateja wengi. Matokeo ni kwamba upepo wa Sarima unaweza kusaga mahindi Gikomba pasipo kusaga punje hata moja kijijini unakovuma.

Kwa upande wake, kampuni husika ilikarabati barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis, na kupitia wakfu wake imefadhili miradi ya elimu, afya na maji. Wapo wakazi waliopata ajira, hasa wakati wa ujenzi.

KAULI YA MAHAKAMA

Swali la msingi, hata hivyo, lilihusu ardhi. Kampuni ilipewa ekari 150,000, ilhali mitambo na barabara zake hazihitaji hata nusu ya eneo hilo. Ardhi hiyo ilikuwa ya amana, ikisimamiwa na baraza la kaunti kwa niaba ya wenyeji.

Wakazi walikwenda kortini mwaka 2014. Hawakuomba mitambo ing'olewe, bali walidai kwamba hawakushirikishwa jinsi sheria inavyotaka kabla ya ardhi yao kutolewa.

Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba utaratibu wa kutoa ardhi hiyo ulikiuka sheria. Iliwapa wahusika mwaka mmoja kuurekebisha, la sivyo hatimiliki zifutwe. Mei 2023, mahakama hiyo ilikataa ombi la kuongeza muda.

Huko Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua, mambo yalikwenda mrama mapema zaidi. Mradi wa megawati 60.8 ulipingwa na wakulima waliohofia mashamba yao. Mtu mmoja aliuawa katika maandamano ya mwaka 2015, na mwaka uliofuata wawekezaji wakauacha.

Mradi wa Kipeto katika Kaunti ya Kajiado, wenye megawati 100 na ulioanza kazi mwaka 2021, ulifuata njia tofauti. Wamiliki wa mashamba waliikodisha ardhi yao na kubaki wenye hati, huku amana ya jamii ikitengewa hisa za asilimia 5.

Tofauti kati ya Kinangop na Kipeto haiko katika upepo wala mitambo, bali katika makubaliano yaliyotangulia nguzo ya kwanza.

PENGO LA SHERIA

Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 iliweka wazi kwamba mvuke wa ardhini unapozalisha umeme, mrabaha hulipwa, na asilimia 20 ya mrabaha huo huenda kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya mahali hapo. Sheria hiyo haikuweka mgao wa namna hiyo kwa upepo.

Hoja ya kisheria ni rahisi kuiona. Mvuke hupatikana chini ya ardhi na hukabidhiwa serikali kwa niaba ya umma. Upepo hupita tu. Leo uko Marsabit, kesho uko kwingine, na hakuna awezaye kuuwekea hati.

Hivyo basi, Herbert alikuwa sahihi kwamba upepo hauna mwenyewe. Lakini abate naye alielewa jambo ambalo Herbert alilipuuza: anayemiliki ardhi inayosimamisha kinu, na njia inayofikisha unga kwa mteja, ndiye anayeumiliki upepo kwa vitendo.

Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Inaitaka jamii iandikishe ardhi yake, na inasema kwamba mkataba wa uwekezaji katika ardhi iliyoandikishwa sharti uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima katika mkutano wa jamii. Jamii isiyojiandikisha huzungumziwa na wengine.

Kinu cha Pitstone nacho kilibadili mikono. Mkulima aliyekimiliki alikikabidhi mwaka 1937 kwa National Trust, shirika linalohifadhi turathi za Uingereza kwa niaba ya umma. Kuanzia mwaka 1963 watu wa kujitolea walikitengeneza, ubao kwa ubao, na mwaka 1970 kikasaga nafaka kwa mara ya kwanza baada ya miaka 68.

Leo kinu hicho hakimlishi mtu. Wageni hukitazama na kupiga picha, kwa sababu mkate wa Pitstone hutoka kwingine. Gikomba haijafika huko. Hapa kinu kingali chombo cha chakula cha jioni, na bei ya kila gorogoro inayosagwa hubeba ndani yake kila mkataba uliotiwa saini Marsabit, uwe mzuri au mbaya.